Chai Bila Kafeini: Inamfaa Nani?

"Punguza chai." Mwenye presha huambiwa hivyo hospitalini, na mwenye kiungulia, na mjamzito aliyekuja kliniki, na mzee anayelalamika kwamba usingizi umemkimbia. Ushauri ni mmoja, maradhi ni mbalimbali. Mgonjwa akifika nyumbani huwasimulia wanawe, na siku hizi hakosi mmoja wao atakayekwenda duka kubwa la mjini na kurudi na pakiti ndogo ya bei ghali, iliyoandikwa kwamba chai yake imeondolewa kafeini. Tangu siku hiyo nyumba nzima hutulia. Mama sasa anakunywa chai ya afya, basi yamekwisha.

Hayajaisha. Kikombe cha chai kama tunavyokipika na kukinywa Afrika Mashariki kina mambo manne yanayogusa afya ya mtu: kafeini, tanini, sukari na moto. Pakiti ile inashughulika na kafeini peke yake. Kwa baadhi ya watu hilo ni jambo kubwa, na nitawataja. Lakini kwa walio wengi miongoni mwetu, kafeini ndiyo yenye madhara madogo kuliko yote yaliyomo kikombeni, na mtu anaweza kunywa chai isiyo na kafeini miaka kumi huku yale matatu yakiendelea kumla taratibu.

Tuanze na kafeini yenyewe. Mmea wa chai huitengeneza ili kujilinda na wadudu, na huirundika zaidi kwenye sehemu changa ambazo wadudu huzipenda. Sehemu hizo hizo, majani mawili na chipukizi lake, ndizo wachumaji wa Kericho, Nandi, Mufindi na Rungwe wanazozitia kapuni. Chai yetu nyingi ni ya jamii ya Assam, ambayo kwa kawaida ina kafeini nyingi kuliko ile ya asili ya China yenye majani madogo. Ikifika kiwandani husagwa kwa mashine za CTC, mtindo uliobuniwa Assam mwaka 1930, ambazo huponda jani, hulichana na kuliviringisha kuwa punje. Punje zikikutana na maji ya moto hutoa rangi upesi, na kafeini nayo hutoka upesi.

Tena sisi hatuloweki chai, tunaichemsha. Sufuria huwekwa jikoni na maji nusu, maziwa nusu, tangawizi iliyotwangwa, hiliki mbili tatu na kijiko kilichojaa majani. Hutokota dakika tano, kumi, na mara nyingi majani huachwa humo humo mpaka kikombe cha mwisho kichujwe. Kwa upishi huo, karibu kafeini yote iliyomo kwenye majani huhamia kwenye chai. Wapo wanaosema kwamba ukiyaosha majani kwa maji ya moto kwa nusu dakika na kuyamwaga maji hayo, kafeini imekwenda. Si kweli. Vipimo vya maabara vinaonyesha kwamba muda huo mfupi hutoa sehemu ndogo tu, na nyingi hubaki kwenye jani.

Hata hivyo kiasi chenyewe si cha kutisha. Kikombe cha mililita 250 huwa na miligramu 40 hadi 60 za kafeini, kutegemea wingi wa majani na muda wa kuchemsha. Kahawa ya kuchuja ya ujazo kama huo hukaribia miligramu 95. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kuongeza nguvu lina kama 80. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, ilisema mtu mzima mwenye afya anaweza kutumia hadi miligramu 400 kwa siku bila wasiwasi, na mjamzito hadi 200. Kwa hesabu hiyo, anayekunywa vikombe vinne vya chai kwa siku yuko karibu na nusu ya kiwango chake. Kijana wa bodaboda anayemaliza makopo matatu ya kinywaji cha kuongeza nguvu ili asisinzie barabarani ana haja kubwa zaidi ya kuhesabu kafeini kuliko mama yake mwenye birika la chai.

Shida ya kafeini ya chai haiko sana kwenye wingi. Iko kwenye saa na kwenye mwili wa anayekunywa. Mtu anapokuwa macho, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo usingizi unavyokaribia. Kafeini hukalia nafasi za adenosini, ubongo ukawa hausikii tena uchovu. Nguvu haijaongezeka hata kidogo. Uchovu umefichwa tu, nao utadai haki yake. Mwili wa mtu mzima huchukua wastani wa saa tano hivi kuondoa nusu ya kafeini aliyokunywa. Fikiria nyumba ambayo chakula cha usiku ni chai na mkate, nazo ni nyingi mno mijini. Mtu amekunywa vikombe viwili saa 1 usiku, miligramu 100 hivi. Saa 6 usiku bado ana miligramu 50 mwilini, yaani ni kama amelala mara baada ya kumaliza kikombe kizima. Wengine hulala fofofo hata hivyo. Wengine hugeuka kitandani mpaka alfajiri, asubuhi wakaamka wamechoka, wakanywa chai nyingi zaidi ili waweze kufanya kazi.

Na hizo saa tano ni wastani tu. Mvutaji sigara huondoa kafeini haraka zaidi. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango huchukua karibu muda maradufu. Mjamzito wa miezi ya mwisho anaweza kuchukua saa 15 hivi, kwa hiyo kikombe chake cha asubuhi bado kimo mwilini usiku, na mtoto aliye tumboni hana uwezo wa kuivunja kafeini inayomfikia. Zipo pia dawa, mojawapo ni siprofloksasini inayoandikwa sana hospitali zetu, ambazo hulizuia ini lisiivunje kafeini, hata mtu akajikuta moyo unamwenda mbio kwa chai ile ile aliyoizoea. Watu hawa ndio ambao chai iliyoondolewa kafeini imetengenezwa kwa ajili yao: wajawazito, wasiopata usingizi ambao chai ya jioni ni desturi yao, wenye moyo unaodunda ovyo au wasiwasi unaochochewa na kafeini, na walio kwenye dawa za aina hiyo. Wao nasema wainunue bila kusita, wakiweza kumudu bei yake.

Presha nimeiacha nje kwa makusudi. Kafeini hupandisha presha kwa muda mfupi, hasa kwa asiyeizoea, lakini mwili wa anayekunywa chai kila siku huizoea. Kwa mgonjwa wa presha, chumvi, uzito na kumeza dawa kila siku bila kuruka ni mambo makubwa zaidi kuliko kafeini ya chai. Vidonda vya tumbo navyo huletwa zaidi na bakteria aitwaye Helicobacter pylori na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Chai nzito inaweza kumchoma mwenye kidonda tayari, lakini kuondoa kafeini si dawa ya uhakika, kwa sababu tangu miaka ya 1970 imejulikana kwamba hata kahawa iliyoondolewa kafeini huchochea tumbo kutoa asidi. Mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha akapime bakteria huyo kwanza, kabla ya kubadili majani.

Kafeini inaondolewaje? Kisa chake kilianzia kwenye kahawa. Mwaka 1819 mkemia Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge aliitenga kafeini kutoka kwenye buni alizopewa na mshairi Goethe. Mwaka 1827 ikapatikana kwenye chai, ikapewa jina lake mbali, na ilichukua miaka kumi na moja kuthibitisha kwamba ni kitu kile kile. Mfanyabiashara Ludwig Roselius wa Bremen ndiye aliyeanza kuuza kahawa iliyoondolewa kafeini, mwaka 1906, na kemikali aliyotumia ilikuwa benzini, ambayo leo inajulikana kusababisha saratani ya damu. Haitumiki tena kwa kazi hiyo.

Leo viwanda hutumia njia tatu kwa wingi. Ya kwanza ni kemikali ya metilini kloridi, ambayo huvutia kafeini kisha hufukuzwa kwa mvuke. Umoja wa Ulaya unaruhusu mabaki yake yasiyozidi miligramu 5 kwa kilo moja ya chai. Mwaka 2024 Wakala wa Mazingira wa Marekani ulipiga marufuku matumizi mengi ya kemikali hiyo kwa sababu ya hatari zake kwa wanaoivuta viwandani na majumbani, na mjadala kuhusu vyakula umekuwa mkali tangu hapo. Ya pili ni ethili asetati, ambayo imo hata ndani ya matunda, na kwa sababu hiyo pakiti zake huandikwa kwamba kafeini imeondolewa "kwa njia ya asili". Maneno hayo yanavutia, lakini njia hii huondoka na sehemu ya viambato vizuri vya chai pamoja na kafeini. Ya tatu ni hewa ya kabonidayoksaidi iliyogandamizwa kwa nguvu mpaka inakuwa na tabia ya kimiminika. Msingi wake uliwekwa na Kurt Zosel huko Mülheim, Ujerumani, katika miaka ya 1960. Hiyo ndiyo inayobakisha ladha na viambato vingi zaidi, na ndiyo yenye gharama kubwa. Kwa anayenunua, shauri langu ni atafute pakiti inayotaja njia iliyotumika, na kama ipo ya kabonidayoksaidi achukue hiyo. Mabaki ya njia nyingine yakiwa ndani ya kikomo cha sheria hayana sababu ya kumkosesha mtu usingizi, ila mwenye uwezo wa kuchagua na achague.

Ajue pia kwamba kafeini haiishi yote. Kikombe hubaki na miligramu 2 hadi 5 hivi. Kiasi hicho hakimdhuru mtu. Tatizo ni rangi na ladha, ambazo mara nyingi hupungua, na mpishi aliyezoea chai nzito atafanya jambo la kawaida kabisa: ataongeza majani. Kafeini itabaki ndogo, lakini tanini itapanda.

Hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi, kwa sababu tanini na jamaa zake, kundi zima la polifenoli, ndizo zinazoipa chai ule ukakasi wa ulimi, na ndizo zinazogusa tatizo la afya lililo kubwa nchini kuliko kukosa usingizi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa Tanzania wa mwaka 2015 hadi 2016 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa kuzaa, na asilimia 58 ya watoto walio chini ya miaka mitano, wana upungufu wa damu. Malaria, minyoo na mambo mengine yamo, lakini ukosefu wa madini ya chuma ni sehemu kubwa. Polifenoli za chai huyakamata madini ya chuma yatokayo kwenye mimea, yakapita tumboni na kutoka bila kuingia mwilini. Mwaka 1999 watafiti wa Uswisi na Marekani walipima ufyonzwaji wa chuma kwa watu waliokula mkate na kunywa vinywaji mbalimbali. Chai ya rangi ilikuwa miongoni mwa vinywaji vilivyozuia zaidi, na vinywaji vyenye polifenoli nyingi vilipunguza chuma kwa asilimia 60 hadi 90. Kuongeza maziwa hakukusaidia kitu cha maana.

Sasa angalia kifungua kinywa chetu. Chapati na maharage, na chai. Maharage ndiyo chuma cha maskini, na tunayameza pamoja na kitu kinachokizuia chuma hicho. Au nenda kliniki ya wajawazito usikilize.

"Mama, fefo unameza saa ngapi?" muuguzi anauliza.

"Asubuhi nesi, na chai. Bila chai zinanitapisha."

Mama huyo hajakosea kwa uzembe. Fefo, yaani vidonge vya kuongeza damu, kweli huchafua tumbo, na chai ya moto hutuliza. Lakini sehemu kubwa ya kile alichopewa na serikali kimwongezee damu haitaingia kwenye damu yake. Mwanawe aliye mjini akimtumia chai iliyoondolewa kafeini, kwa kuwa amesikia kafeini si nzuri kwa mimba, amemsaidia upande mmoja na kumwacha pale pale upande wa pili. Tanini bado ipo. Dawa ya jambo hili haihitaji pakiti mpya: ameze vidonge kwa maji au kwa juisi ya chungwa, kwa sababu vitamini C huvuta chuma kiingie mwilini, na kama asubuhi vinamtapisha avimeze usiku kabla ya kulala. Chai ainywe mbali na vidonge na mbali na mlo. Utafiti uliofanywa Uingereza kwa wanawake wenye afya, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kwamba kusubiri saa moja tu baada ya kula ndipo unywe chai hupunguza sana uharibifu huo. Saa moja haina gharama.

Watoto ndio wanaonihuzunisha zaidi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu huchovyewa mkate kwenye chai asubuhi, kwa sababu uji unataka kuni na muda, na chai tayari iko kwenye chupa. Kwa uzito wake wa kilo 11 au 12, miligramu 35 za kafeini ndicho kiwango chake cha siku nzima kwa kipimo cha Ulaya cha miligramu 3 kwa kilo; kikombe kimoja kimepita hapo. Na hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba chai imejaza tumbo lililopaswa kujazwa uji wenye karanga, yai au dagaa waliosagwa, kisha ikazuia hata chuma kidogo kilichomo kwenye chakula kingine. Kumpa mtoto huyo chai isiyo na kafeini si suluhisho. Mtoto mdogo hahitaji chai yoyote.

Sukari nitaisema kwa kifupi kwa kuwa kila mtu anaijua na wachache wanaihesabu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, yaani vijiko sita vya chai. Vijiko vitatu kwa kikombe, vikombe vitatu kwa siku, ni vijiko tisa, na mtu hajala andazi wala kunywa soda. Chai bila sukari bado inaonwa kwetu kuwa chai ya mgonjwa, na mgeni akikaribishwa kwa chai ya sukari kidogo mwenyeji huona haya. Kama kuna badiliko moja la kikombeni ambalo ningelipendekeza kwa kila nyumba, liwe ni hili: kupunguza nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea. Ukishafika kijiko kimoja, ile chai ya zamani itakuchefua.

Moto ndio usiozungumzwa kabisa. Kuna ukanda wa mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kupitia Kenya, Tanzania na Malawi mpaka Eastern Cape ya Afrika Kusini, ambamo saratani ya koo la chakula huua watu wengi kuliko inavyotarajiwa, na baadhi yao wakiwa bado vijana. Sababu zake ni nyingi: pombe, tumbaku, moshi wa jikoni, lishe na mengineyo, na utafiti unaendelea. Lakini mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliviweka vinywaji vya moto wa zaidi ya nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya koo hilo. Chai haikulaumiwa, wala kafeini. Kilicholaumiwa ni joto lenyewe, linalounguza ngozi laini ya ndani ya koo kila siku kwa miaka.

Watafiti walikwenda Kilimanjaro na vipimajoto, wakapima chai za watu pale pale wanapoanza kuzinywa. Wastani ulizunguka nyuzi 70. Waliona pia kwamba wanywaji wa chai ya maziwa huinywa ikiwa ya moto zaidi kuliko wa chai ya rangi, na chai ya maziwa hupoa polepole zaidi. Yeyote aliyewahi kuketi nyumba ya Mchaga asubuhi ya baridi hatashangaa. Chai hutoka jikoni ikitokota, huingia kwenye chupa inayoitunza na moto wake wote, kisha humiminwa kikombeni na kunywewa papo hapo kwa kuvuta pumzi mdomoni, ndipo mtu aseme amekunywa chai. Wazee wa pwani walikuwa na desturi ya kuimimina kwenye kisosi na kuinywa humo. Vijana wanaiona ni ushamba, lakini kisosi kinapunguza joto haraka kuliko kitu kingine chochote mezani, nami ningependa desturi hiyo irudi. Asiyetaka kisosi na asubiri dakika tano kikombe kikiwa wazi, au aongeze maziwa ya baridi.

Nisije nikaeleweka kwamba chai ni adui. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha uchambuzi wa watu karibu laki tano wa Uingereza, wengi wao wakinywa chai ya rangi kama yetu. Waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na hatari ya kufa iliyopungua kwa asilimia 9 hadi 13 ikilinganishwa na wasiokunywa chai, na matokeo yalikuwa yale yale kwa mtu anayevunja kafeini haraka na anayeivunja polepole. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowapa umri, lakini unatosha kuondoa hofu. Polifenoli zile zile zinazozuia chuma wakati wa chakula ndizo zinazodhaniwa kuisaidia mishipa ya damu wakati mwingine. Kwa hiyo mwenye damu ya kutosha na usingizi mzuri hana sababu ya kiafya ya kuacha chai ya kawaida.

Anayeamua kubadili asikate ghafla. Mwili uliozoea kafeini ukiikosa huanza kuumwa kichwa ndani ya saa 12 hadi 24, na maumivu huzidi siku ya kwanza na ya pili. Huweza kuendelea hadi wiki nzima, pamoja na uchovu na hasira. Waislamu wengi wanalijua hili kutokana na siku za mwanzo za Ramadhani, ingawa lawama hupewa njaa. Njia nzuri ni kuchanganya majani: robo ya yale yasiyo na kafeini wiki ya kwanza, nusu wiki ya pili, na kuendelea hivyo mpaka ya kawaida yaishe. Anayejiandaa kwa Ramadhani naye aanze kupunguza vikombe vya mchana wiki mbili kabla ya mwezi kuandama, na saumu ataiona nyepesi.

Na asiyeweza kumudu pakiti ile hajakosa kitu cha kunywa jioni. Mchaichai hauna kafeini hata chembe, tangu ukiwa shambani, na haukupita kwenye kemikali yoyote. Shina moja likipandwa pembeni mwa bomba la maji hutosha familia mwaka mzima. Ukichemshwa pamoja na tangawizi, au kwa mdalasini na hiliki kama wafanyavyo Zanzibar, hutoa kinywaji cha moto chenye harufu ambayo chai iliyoondolewa kafeini haiifikii. Mjamzito aunywe kwa kiasi na amwambie mkunga wake, kwani majani ya dawa si yote yanayofaa mimba. Lakini kwa mtu mzima asiyelala vizuri, kikombe cha mchaichai saa 1 usiku badala ya chai ndilo jaribio la kwanza la kufanya, kabla ya kutumia pesa. Akilala vizuri kwa wiki mbili, amejua kwamba kafeini ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Hali ikibaki ile ile, sababu iko kwingine, na pakiti ya bei ghali isingemsaidia.

Limebaki jambo moja ambalo mnywaji hawezi kulifanya peke yake. Kenya huzalisha zaidi ya kilo milioni 500 za chai kwa mwaka, na mnada wa Mombasa huuza chai ya nchi nyingi za ukanda huu, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi zikiwamo. Tunalima chai kali kuliko nyingi duniani, tunaiuza kwa magunia, halafu mwanamke mjamzito wa Njombe au Limuru hana namna ya kujua kikombe chake kina kafeini kiasi gani. Mashirika ya viwango ya nchi zetu yanaweza kuwataka wafungaji wa chai waandike kwenye kila pakiti miligramu za kafeini kwa kikombe, onyo la kutoinywa pamoja na vidonge vya kuongeza damu, na kwamba isinywewe ikiwa inaunguza. Mistari mitatu tu, kwa Kiswahili. Wafungaji wa chai wasingoje kulazimishwa ndipo waiandike.